Acheni Asumini Inukie

Mafuta ya asumini hayaoteshi nywele. Hayaondoi madoa, hayafuti chunusi, hayazibi upara, wala hayairudishi ngozi ya mtu mzima ikawa ya mtoto. Nayasema haya mimi ninayeyatengeneza kwa mkono wangu, niliyefundishwa na bibi yangu Pangani kabla sijavunja ungo, na ambaye hadi leo silali bila kujipaka. Nayapenda mno mafuta haya, na ndiyo maana siwezi tena kunyamaza nikisikia yanayosemwa juu yake.

Siku hizi ukienda sokoni, ukiingia saluni, ukihudhuria shughuli ya kumtoa mwali, hata ukifungua simu usome yaliyotumwa kwenye kikundi cha kina mama, maneno ni yale yale: cha asili hakina madhara, na mafuta ya maua ni dawa. Chupa imebandikwa picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni, na ubavuni pameorodheshwa maradhi. Wanaosema hivyo si waongo wote. Wengi wanaamini kwa dhati, na wengi ni kina mama wanaotafuta riziki kama ninavyoitafuta mimi. Lakini jambo haliwi kweli kwa kuaminiwa, na imani hii imeleta hasara ambayo mimi nimeigusa kwa kidole.

Binti wa kaka yangu alianza kusukwa angali mdogo sana, ile misuko ya kubana mpaka nyusi zinapanda. Alipofika chuo, nywele za pajini na za juu ya masikio zikaanza kukonda. Akapata mtu wa kumuuzia mafuta ya maua, akahakikishiwa kwamba ikiisha chupa ya tatu nywele zitakuwa zimerudi. Ikaisha ya tatu. Akaambiwa kichwa chake kigumu, aongeze ya nne. Muda wote huo aliendelea kusuka, tena kwa kubana, kwa sababu moyoni alijua dawa anayo. Aliponijia ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Alivua mtandio, akakaa mkekani karibu na mlango penye mwanga. Nikapitisha kidole pembeni mwa paji. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa kama kucha, hakuonekani hata kinyweleo kimoja.

"Shangazi," akaniuliza, "kama ningekuja kwako mapema, ungenipa yaliyo makali zaidi?"

Nikamwambia ukweli: yaliyo makali zaidi hayapo. Alichohitaji mapema ni kuacha misuko ya kuvuta na kwenda kwa daktari wa ngozi. Nywele zilizochoshwa na msuko hurudi, mvutano ukiachwa mapema. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa na mahali pake hubaki kovu lisilotoa unywele. Mafuta yenyewe hayakumdhuru hata kidogo. Kilichomponza ni jina la dawa, kwa sababu mwenye dawa mkononi hatafuti dawa.

Tuuangalie basi unywele wenyewe. Ule unaouona, unaouchana na kuusuka, hauna uhai. Palipo hai ni chini ya ngozi, na hapo ndipo unywele unaposukumwa kutoka nje, sentimita 1 hivi kwa mwezi. Mafuta unayopaka yanahudumia ule uliokwisha kutoka. Na huduma hiyo si ndogo! Mwaka 2003 watafiti wawili wa India walichapisha kazi iliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Yaliyopunguza kweli upotevu wa protini kwenye nywele yalikuwa ya nazi peke yake, yakipakwa kabla ya kuosha au baada ya kuosha. Msomaji ajue pia kwamba watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hilo nalo lisemwe. Hata hivyo maelezo yao yanaingia akilini: karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu.

Hapa ndipo chimbuko la imani lilipo. Mtu anapaka mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini kwa miezi sita. Nywele zinalainika, hazikatiki ovyo anapochana, ncha hazipasuki. Anajipima, anaona zimerefuka, anasema zimeoteshwa. Zilikuwa zinaota siku zote. Kilichobadilika ni kwamba hazikatiki tena. Tena sifa inapewa asumini, hali kazi ilifanywa na nazi, na uangalifu wa mikono ya mwenyewe.

Nikisema hivi, mara nyingi hujibiwa kwa utafiti wa rozimari. Naujua. Ulifanyika Iran, ukachapishwa mwaka 2015: watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa mafungu mawili, nusu wakapaka rozimari, nusu dawa ya minoksidili ya asilimia 2, na baada ya miezi sita mafungu yote mawili yakaonekana kuongeza nywele kwa kiasi kinachokaribiana. Ni habari ya kutia hamu, lakini tuitazame vizuri. Halikuwapo fungu la tatu lililopaka kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Kilichopakwa kilitengenezwa kwa kipimo, si majani yaliyolowekwa kwenye chupa dirishani. Na tatizo lilikuwa upara wa kurithi, si nywele zilizong'olewa na msuko wala zilizoanguka baada ya uzazi. Kutoka hapo kwenda kwenye asumini ya nyumbani kwangu hakuna daraja. Anayeuza asumini kwa sifa za rozimari anauza jina la mwenzake.

Ushahidi ulio karibu zaidi, ambao kila mtu anaweza kuuona jikoni kwake, ni ule wa choya. Mafuta ya choya yanavuma sana: mekundu, yanawaka kwenye chupa kama sharubati, na yanasifiwa kwa vitamini C na kwa nguvu ya kung'arisha uso. Chukua bakuli mbili. Moja tia maji ya moto, nyingine tia mafuta ya nazi yaliyopashwa. Kila moja tia konzi ya choya iliyokauka. Maji yatageuka mekundu kabla hujamaliza kukoroga. Mafuta yatakaa vile vile. Yaache mpaka kesho, yaache wiki, yaache mwezi: hutapata wekundu ule. Rangi ya choya huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Na vitamini C ni hivyo hivyo. Yenyewe ni ya majini, mafuta hayaichukui. Kwa hiyo ukiona mafuta ya choya mekundu kama damu, jua rangi hiyo imetoka kwingine, na muulize muuzaji imetoka wapi. Ukisoma "vitamini C kutoka kwenye maua" juu ya chupa ya mafuta matupu, umesoma jambo lisilowezekana.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, maana kanuni hii ndogo ya jikoni inaamua karibu kila kitu kuhusu mafuta ya maua. Mafuta hayachukui kila kilichomo ndani ya ua. Huchukua vile vinavyopatana na mafuta: harufu kwanza, nta kidogo, na baadhi ya rangi za manjano na chungwa kama ile ya karoti. Vingine vyote hubaki kwenye ua, na ua hutupwa. Unapojipaka mafuta ya asumini, kinacholainisha ngozi ni nazi au ufuta. Kilichotoka kwenye ua ni harufu. Hiyo ndiyo kazi ya ua, nalo limeifanya vizuri kwa karne nyingi bila kuhitaji kusingiziwa udaktari.

Watu huniambia: mbona bibi zetu walitumia haya, na ngozi zao zilikuwa kama hariri? Walitumia, ndiyo. Lakini waliyaita nini? Asumini ilitungwa koja, ikatandazwa kitandani, ikachanganywa na mrehani, kilua na mkadi kufanya kikuba cha kubandika kifuani. Liwa ilisagwa kwenye jiwe la msio. Nguo zilifukizwa udi. Lugha yetu ina maneno chungu nzima ya kunukia, na wazee hawakuyachanganya na ya uganga. Dawa ilikuwa na chombo chake na wakati wake. Nilipokuwa mdogo niliungua mguu kwa uji, nikakimbilia chupa ya asumini kwa sababu niliona bibi anaithamini. Akanipokonya. "Hii ya kunukia, mjukuu wangu," akasema, "kidonda twende zahanati." Mwanamke huyo hakuwa na cheti cha shule yoyote.

Na yule mwali aliyetoka ndani anameremeta baada ya siku saba za kusingwa, tunamjua. Singo yenye karafuu, maua na marashi ilimfanya anukie toka mlangoni. Lakini siku hizo saba alikuwa hapigwi na jua, hapiki, habebi maji, analala vya kutosha, analishwa vizuri, na kila siku kungwi anamsugua mwili mzima mpaka taka zinatoka nyuzi nyuzi. Ngozi ipi isingemeremeta? Tumechukua sifa ya mikono ya kungwi na ya siku saba za mapumziko, tukaitia yote kwenye ua.

Hata wataalamu wa mimea walilijua jambo hili, kwamba kazi ya ua ni kunukia. Mkilua wetu, unaoota pwani ya Kenya na Tanzania, ulipoandikwa rasmi na Bernard Verdcourt mwaka 1970 ulibaki na jina letu la Kiswahili, ukaongezewa neno moja tu la Kilatini: Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia.

Najua wapo watakaosoma mpaka hapa wakafurahi, wale wanaoyaona mafuta ya nyumbani kuwa ushamba na kuamini kwamba kilicho kiwandani ndicho chenye akili. Sipo upande wao. Chupa nyingi za dukani nazo hutoa ahadi zile zile kwa harufu isiyotoka kwenye ua lolote. Ninachokataa ni ahadi, popote ilipoandikwa.

Nirudi kwenye neno linalonichoma kuliko yote, hili la "cha asili hakina madhara". Upupu ni wa asili. Utomvu wa mbibo ni wa asili, na mbangua korosho ataonyesha viganja vyake. Kwenye ngozi, harufu ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio mara nyingi kuliko vingine, na ngozi haiulizi harufu imetoka kiwandani au bustanini. Langilangi, ua tunalomvika bibi harusi, lipo katika orodha ya vitu ambavyo madaktari wa ngozi huvipima kwa watu wenye mzio wa manukato. Maua yake machache ndani ya kibakuli cha mafuta ya nazi hayana shida kwa walio wengi. Lakini siku hizi watu wananunua mafuta ya langilangi yaliyokenekwa kwa mvuke, kama yanayotoka Komoro, ambako ni zao kubwa la biashara na huenda mpaka kwenye viwanda vya manukato vya Ufaransa, kisha wanayapaka usoni bila kuyazimua, kwa kuwa wameambiwa ni ya maua na maua hayadhuru. Tone la mafuta yaliyokenekwa si sawa na ua lililolala usiku mmoja kwenye nazi. Anayeyaita yote "mafuta ya langilangi" bila kutofautisha anawaunguza watu nyuso.

Maganda ya ndimu ni mabaya zaidi. Nimeona yakitiwa kwenye mafuta ya maua, ati yaondoe madoa. Ndani ya ganda la ndimu mna kitu ambacho kikikaa juu ya ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua, na baada ya kuungua hubaki doa jeusi la wiki au miezi. Mtu amepaka ili doa litoke, akatoka juani akaongeza la pili.

Na lipo la hatari kuliko hayo. Mtu akishakubali kwamba maua yanang'arisha ngozi, amemfungulia mlango muuza mkorogo. Bidhaa zinazong'arisha uso kwa kasi zimekutwa mara nyingi na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki kuwa mwaka 2020, na bado vipo mitaani. Mwenye kuvificha anahitaji jina zuri la kuvifunika. Picha ya waridi na neno "asili" vinatosha, kwa sababu sisi wenyewe tumeshawafundisha wateja kwamba ua lina uwezo huo. Tungesema kweli tangu mwanzo, kwamba mafuta ya maua hayabadili rangi ya ngozi ya mtu yeyote, basi chupa yoyote inayoing'arisha ndani ya wiki mbili ingejishtaki yenyewe.

Kuna hasara nyingine, ambayo pengine ni mimi na wachache tunaoililia. Ahadi ya dawa inaua ufundi. Mteja akinunua kwa ajili ya kuotesha nywele, hanusi tena. Na asiponusa, hakuna sababu ya muuzaji kuhangaika na harufu. Ndiyo maana sasa kila mahali tunaambiwa: jaza chupa maua, mimina mafuta, anika juani wiki sita. Hiyo ni njia ya kuharibu vitu viwili kwa pamoja. Jua na joto huyaharakisha mafuta kuharibika, na maua mabichi yaliyosahauliwa humo huvuja maji, huoza, huota ukungu. Kinachotoka kinanuka kama karanga zilizokaa sana, na muuzaji anasema hiyo ndiyo harufu ya asili.

Asumini ina tabia yake. Ua lake huendelea kutengeneza harufu hata baada ya kuchumwa, saa nyingi, usiku kucha. Ukilitia kwenye mafuta yanayochemka umeliua papo hapo, umepata kile kilichokuwamo dakika hiyo tu. Ukiliacha lilale kwenye mafuta yaliyotulia, linatoa mpaka alfajiri. Wafaransa wa Grasse walilijua hili: walipaka mafuta ya wanyama kwenye vioo, wakapanga maua ya asumini moja moja juu yake, kesho yake wakayaondoa wakapanga mapya. Wahindi wa Jaunpur na Ghazipur walilijua pia: walitandaza ufuta tabaka kwa tabaka na maua, wakabadilisha maua mpaka punje zikashiba harufu, ndipo wakakamua. Na bibi yangu alilijua.

Alianza na mafuta yenyewe. Nazi zilizokomaa, zikakunwa kwenye mbuzi, tui zito likakamuliwa kwa maji machache, likapikwa kwa moto mdogo. Mwanzo linachemka kama uji, kisha linakatika, mafuta yanaelea na mashapo yanazama yakigeuka rangi ya kahawia. Alinifundisha kutumia sikio. Maji yakiwamo, sufuria inatatarika. Pale inaponyamaza, maji yamekwisha, na mafuta yasiyo na maji ndiyo yanayokaa. Jioni tunachuma matumba ya asumini, yale meupe yaliyofumba yanayokaribia kuchanua, tunayatandaza kwenye ungo juu ya kitambaa cha pamba mpaka unyevu wa nje ukauke. Mafuta yanapashwa kiasi cha kuweza kuacha kidole ndani bila kukitoa. Matumba yanamwagwa humo, bakuli linafunikwa kwa kitambaa, si kwa mfuniko, maana mfuniko hutoa jasho na jasho ni maji. Alfajiri tunayaopoa kabla hayajageuka rangi. Jioni mapya. Usiku wa kwanza huoni tofauti. Usiku wa nne mtu akipita ukumbini anauliza nani kavaa asumini. Usiku wa saba tunayaacha yatulie, tunayamimina polepole tukiacha kilichozama chini, tunaweka kwenye chupa ya rangi isiyopitisha mwanga. Kipupwe kikiingia yanaganda asubuhi kama samli, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Kazi hiyo ya siku saba na mamia ya maua nani ataifanya, kama mnunuzi hatanusa? Mimi naomba anayeuza mafuta haya aandike kwenye chupa mambo matatu: mafuta gani, maua gani, yametiwa lini. Na anayenunua afungue kifuniko, anuse, apake tone kwenye kiwiko kwa ndani, asubiri mpaka kesho. Anayetokwa na nywele asije kwangu kwanza, aende akapimwe. Upungufu wa damu hupukutisha nywele, tezi ya shingo hupukutisha nywele, ukungu wa kichwa hupukutisha nywele, uzazi hupukutisha nywele, na kila kimoja kina tiba yake au muda wake.

Binti wa kaka yangu alikwenda kwa daktari. Juu ya masikio, upande mmoja, zimeanza kurudi kidogo, nyembamba kama za mtoto. Pembeni mwa paji hazitarudi, ameambiwa waziwazi, na hajasuka kwa kubana tangu siku ile. Bado anakuja kwangu siku za Alhamisi, tunachuma pamoja, na akiondoka ninamtilia chupa ndogo. Juzi aliifungua pale pale mlangoni, akaifunga, akaifungua tena, akapaka kidogo nyuma ya sikio kisha akajitanda mtandio.

"Ya safari hii imenukia, shangazi," akasema.

Zilikuwa siku tisa, nikamwambia. Matumba yalikuwa madogo kwa sababu ya kiangazi, ikabidi niongeze mbili.